Moto Uliokuja kwa Miguu

Nimekuwa kimya kwa muda, ndugu wasomaji. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Hapana kwa yote mawili. Kuna jambo moja nimelianza mara tatu na kulifuta mara tatu, kwa sababu linanihusu mimi mwenyewe na halinipambi hata kidogo. Leo naliandika hivyohivyo.

Jambo lenyewe lina mwanzo wake Agosti 2019. Wakati huo nilikuwa bado mwanafunzi wa uandishi, niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika chumba cha habari hapa Dar es Salaam. Jumamosi ya tarehe 10, asubuhi, habari zikaanza kuingia: lori la mafuta limepinduka Msamvu, Morogoro. Watu wamekimbilia kuchota petroli. Moto umelipuka. Mnaikumbuka siku ile. Makumi ya watu walikufa palepale, na katika wiki zilizofuata majeruhi waliendelea kufariki hospitalini hadi idadi ikapita 100. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo.

Mhariri akataka mtu wa kuandika maoni mafupi, maneno 400 tu. Nikanyoosha mkono haraka kuliko wenzangu. Niliandika kwa chini ya saa moja, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kiyoyozi kinapuliza, kikombe cha chai pembeni. Ujumbe wangu ulikuwa mmoja: tamaa. Niliuliza, kwa kejeli kidogo, ni mtu gani mwenye akili timamu anayekwenda kukinga petroli kana kwamba ni maji ya bomba. Mhariri akasifu. Rafiki zangu wa chuo wakanipigia simu kunipongeza. Jamani, nilijiona nimekuwa mwandishi!

Sasa ruka nami hadi mwishoni mwa mwaka 2023, kwenye ule mgao wa umeme. Sina haja ya kuueleza, kila mmoja wetu ana kidonda chake. Mimi naishi na mama mdogo na mdogo wangu wa kike kwenye nyumba ya kupanga yenye kibaraza kirefu nyuma, kimezungushiwa ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Nilinunua jenereta ndogo ya petroli, zile unazoweza kubeba kwa mkono mmoja, ili niweze kutuma kazi zangu kwa wakati. Petroli niliiweka kwenye dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kupikia. (Ndiyo, najua. Subirini, makosa bado yanakuja.)

Jioni moja ya Novemba jenereta ilizima, nami nilikuwa na dakika 40 tu kabla ya muda wa kutuma habari kuisha. Nikatoka na dumu. Mwisho mwingine wa kibaraza mdogo wangu alikuwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa. Nakumbuka kabisa kwamba nilimtazama, nikapima umbali kwa macho, hatua sita au saba, nikasema moyoni: liko mbali. Naomba mlishike hilo. Sikuwa mtu asiyejua kuwa petroli inawaka. Nilijua, nilifikiri, nikapima, nikaamua. Na nilikosea.

Nikafungua tangi, injini ikiwa bado ina joto, nikaanza kumimina huku simu yenye tochi nimeibana kwa meno. Yaliyomwagika si mengi, labda kikombe kimoja. Yakatua kwenye saruji miguuni pangu. Nikaendelea kumimina, maana lengo langu lilikuwa umeme na si usafi.

Kisha nikasikia sauti. Haikuwa mlipuko. Ilikuwa kama mtu amekung'uta shuka zito. Nikainua macho nikaona moto mwembamba, wa bluu, unakuja kutoka kwenye jiko kuelekea kwangu. Ulikuwa chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu, ukitembea juu ya sakafu ambayo mimi niliiona kavu na tupu. Ulianzia miguuni kwa mdogo wangu. Ndiyo, kwake kwanza, yeye ambaye hakuwa amegusa petroli hata tone.

Mafuta yalikuwa kwangu, moto ulikuwa kwake, na katikati hapakuwa na kitu ninachokiona. Bado moto ulivuka.

Nilichofanya baada ya hapo hakifai kufundishwa popote. Dumu nililirusha nje uani, kwa woga tu wala si kwa akili, na hilo ndilo pekee nililopatia. Halafu nikachota ndoo ya maji nikaumwagia moto. Petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Kwa hiyo nilichokifanya ni kuipa mtumbwi: moto ukapanda juu ya maji, ukasafiri nayo hadi mlango wa jikoni, ukashika pazia.

Aliyetuokoa ni mzee jirani yetu, mstaafu wa zimamoto, ambaye siku zote nilikuwa namsalimia tu na kupita. Sijui aliruka ukuta saa ngapi. Alimkuta mdogo wangu anakimbia huku pindo la kanga linawaka, na kukimbia ndiko kunakoupa moto hewa. Akamdaka, akamlaza chini, akamfunika kwa koti lake. Kisha akachota mchanga wa fundi uliokuwa uani, karai baada ya karai, akaufukia moto kama mtu anayefukia shimo. Pazia akalivuta likaanguka, akalikanyaga. Yote hayo, nadhani, hayakuchukua dakika mbili. Mimi bado nilikuwa nimeshika ndoo.

Mama mdogo akaja mbio na dawa ya meno kumpaka mgonjwa. Mzee akamzuia. "Mama, hiyo dawa ya meno mwachie apigie mswaki kesho. Lete maji." Tukamkalisha mdogo wangu kwenye kigoda, nikawa namwagia maji ya kawaida miguuni kwa kopo, kopo baada ya kopo, dakika 20 kwa saa ya mzee. Dakika 20 ni nyingi sana ukiwa unamsikiliza mtu unayempenda analia kwa kosa lako. Dawa ya meno, unga, yai, mafuta, vyote tunavyovijua vya nyumbani, hufunga joto ndani ya ngozi au huingiza uchafu. Maji yanayotiririka hulitoa joto. Hospitalini waliotupokea walisema yale maji yalisaidia. Aliungua ngozi ya miguu yote miwili chini ya magoti, akakaa nyumbani wiki tano.

Baada ya siku kadhaa nikaenda kumshukuru mzee. Umeme ulikuwa umekatika tena, amekaa sebuleni na mshumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mzee."

Nikaanza maneno yangu ya shukrani, akanikatiza. "Petroli uliimwaga wapi?"

"Pale kwenye jenereta."

"Na jiko lilikuwa wapi?"

"Kule mwisho."

"Sasa nani aliyewakutanisha?"

Sikuwa na jibu. Akawasha kijiti cha kiberiti, akakishika mkononi, kisha akapuliza mshumaa ukazimika. Ule moshi mweupe ukapanda juu kama uzi. Akasogeza kijiti ndani ya ule uzi, juu kabisa, mbali na utambi. Moto ukaruka kutoka kwenye kijiti, ukashuka kwa kufuata moshi, ukatua kwenye utambi. Mshumaa ukawaka. Kijiti hakikugusa utambi hata kidogo.

"Nta haiwaki," mzee akasema. "Ikishapata joto inageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Petroli nayo ni hivyohivyo, ila haikusubiri uipashe moto."

Baadaye nilipoanza kusoma nikagundua kuwa mchezo ule una historia ndefu. Mwanasayansi Michael Faraday aliutumia katika mihadhara yake maarufu kuhusu mshumaa, aliyowapa vijana kule Royal Institution, London, katika sikukuu za Krismasi za mwaka 1860 kuingia 1861. Mzee wetu hakuwa na habari na Faraday. Aliujulia kazini.

Nilisoma kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa, maana kemia niliisoma hadi kidato cha nne na nikafaulu kwa alama zisizo za kusimulia, na kumbe nilikuwa nimekariri tu. Haya ndiyo niliyoyaelewa, kwa lugha yangu.

Kila kimiminika kinachowaka kina kiwango chake cha joto ambacho kikifika hapo ndipo hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa dizeli ni zaidi ya nyuzi 50. Kwa mafuta ya taa ni kuanzia nyuzi 38 hivi. Kwa petroli ni kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Chini ya sifuri! Hakuna siku, hakuna usiku, hakuna kilele cha Kilimanjaro ambapo petroli iliyo wazi imepoa kiasi cha kuwa salama. Dar es Salaam yenye nyuzi 30, ukifungua dumu tu, imeshaanza kutoka.

Tazama basi jinsi mafuta ya taa yanavyokaa pembezoni mwa hatari. Siku ya kawaida ya joto letu yako chini kidogo ya kiwango chake, ndiyo maana bibi zetu waliyaweka kwenye vibatari miaka nenda rudi. Utambi ndio unaoyapandisha kidogokidogo, yanapashwa, yanageuka mvuke, yanawaka pale pale kwenye ncha. Lakini changanya humo petroli kidogo tu, kile kiwango kinaporomoka, na kibatari kinageuka bomu lenye utambi. Tulipokuwa tunalizungumzia neno uchakachuaji, tulilalamikia injini za magari, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiendelee kuchanganywa kwenye dizeli na petroli. Kwangu mimi mchanganyiko wa kutisha zaidi ni ule unaoishia kwenye chupa ya mtu anayewasha taa apate kusomea. Si lazima uwe wa makusudi. Dumu lililobeba petroli jana linatosha.

Halafu kuna uzito. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa mshumaa. Unamwagika. Unateremka kama maji usiyoyaona, unafuata mteremko, unajaa kwenye mashimo na mifereji. Kibaraza chetu kina mteremko kidogo kuelekea tundu la kutolea maji. Tundu liko upande wa jiko. Na ule ukuta mfupi ambao sisi tuliupenda kwa kukalia jioni ulikuwa kama kingo za beseni. Mvuke ulitoka kwenye kikombe changu cha petroli, ukajaza beseni polepole, ukafika kwenye makaa, na moto ukarudi kwa njia ileile. Umbali wangu wa hatua saba niliupima kwa macho, na macho hayana kazi hapo.

Gesi ya kupikia ina tabia hiyohiyo, nayo ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Ikivuja hukaa chini, chini ya meza, chini ya kitanda cha chumba cha pili. Ile harufu mbaya mnayoisikia si yake, imetiwa kiwandani makusudi ili ukiisikia ustuke. Ukistuka hivyo usiguse swichi. Si kuwasha tu, hata kuzima, maana cheche ndogo hutokea pande zote mbili. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje, simu piga ukiwa nje. Naliandika kwa mkazo kwa sababu mitungi inazidi kuingia majumbani, na mpango wa nchi uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mimi mwenyewe ni shabiki wa gesi. Ila nani amemwonyesha mama mdogo jinsi ya kujua kama mpira unavuja? (Povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, linavuja. Kiberiti usikisogeze.)

Mkaa nao ukanishangaza. Nilijiuliza kwa nini unang'aa tu, hautoi ulimi mrefu wa moto kama kuni. Kumbe kwenye tanuri watu wa mkaa huchoma mti kwa hewa kidogo, na kinachofukuzwa humo ni maji pamoja na ile mivuke yote inayowaka. Inayobaki karibu yote ni kaboni, na kaboni haigeuki mvuke kirahisi, inabidi iungue pale ilipo, kwenye uso wake. Ndiyo maana jiko la mdogo wangu lilionekana pole kabisa. Upole wake ni wa uongo mara mbili: makaa yale ni ya moto kupita kiasi cha kuwasha mvuke wowote unaopita, na ukiyaingiza chumbani ukafunga dirisha yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jenereta nayo ni hivyohivyo. Angalau mimi yangu ilikuwa nje, nipeni pongezi kidogo.

Sasa swali lililoninyima usingizi: huo moto wote ulikuwa umejificha wapi kwenye kikombe kimoja cha kimiminika baridi?

Shuleni nilielewa kwamba nishati imefungwa ndani ya mafuta kama pesa ndani ya kibubu, ukivunja zinamwagika. Si hivyo. Kuvunja hakukupi kitu, kuvunja kunakugharimu. Molekuli ya petroli ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni, na kuikata unahitaji kutoa nishati wewe kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya cheche: inalipa kiingilio. Faida inakuja baadaye, pale kaboni na haidrojeni zikishaachana zinapokimbilia oksijeni na kushikamana nayo, zikawa kaboni dioksaidi na maji. Mshikamano huo mpya ni imara mno kuliko ule wa zamani, na tofauti ya uimara huo ndiyo inayotoka kama joto na mwanga. Sehemu ya joto hilo inakata molekuli ya jirani, nayo inakimbilia oksijeni, na kadhalika. Ndiyo maana cheche moja inatosha kwa lita moja au kwa tangi zima.

Kwa hiyo petroli haijabeba moto. Imebeba nusu ya noti iliyochanwa, na nusu nyingine iko hewani, kila mahali, tunaivuta puani. Aliyeichana noti ni jua, mamilioni ya miaka iliyopita, lilipovisaidia vijimea vidogo vya baharini kutenganisha kaboni na oksijeni. Viliposhuka na kufukiwa, nusu moja ikafukiwa navyo. Sisi tunaichimba, na kila tunapowasha kitu tunaunganisha noti.

Na ni noti kubwa. Kilo moja ya kuni kavu inatoa kama megajuli 16. Kilo ya mkaa, kama 30. Kilo ya petroli inapita 45. Kilo ya baruti ya TNT haifiki hata tano! Niliposoma hilo nilidhani ni makosa ya chapa. Lakini baruti inatembea na oksijeni yake ndani, noti yake nzima iko mfukoni, kwa hiyo inatoa kidogo ila kwa kufumba na kufumbua. Petroli inategemea hewa, na kwa sababu haibebi huo mzigo wa oksijeni, kwa uzito uleule inabeba mara kumi zaidi. Mwili wa mtu mzima unatumia kama megajuli nane kwa siku. Dumu la lita 20 la petroli lina nishati ya kumlisha mtu mmoja zaidi ya siku 70. Unalibeba kwa mkono.

Ni mchanganyiko tu unaoleta balaa. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ukipungua hapo haushiki, ukizidi hapo haushiki pia, kwa kukosa oksijeni. Ndiyo maana mzee aliniambia anaogopa pipa tupu kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta na mvuke mzito uliobanana. Tupu, lililobaki na unyevunyevu kitakoni, limepata hewa ya kutosha, mchanganyiko umetimia, na fundi wa kuchomelea anakuja nalo akisema "hili halina kitu".

Baada ya kusoma yote haya nikaitafuta makala yangu ya 2019, nikaisoma. Niliona haya peke yangu chumbani.

Fikirieni Msamvu asubuhi ile. Tangi limepasuka, petroli inatiririka ardhini na mferejini, na jua linaendelea kupanda. Watu wako katikati yake, nguo zimelowa, madumu wazi mikononi, pikipiki pembeni. Wapo waliokuja na dumu na wapo waliokuja kutazama tu. Mvuke uko hadi magotini, haumwonyeshi mtu sura. Watu wale walikuwa wamesimama ndani ya moto kabla haujawashwa. Hakuna aliyepaswa kuwasha kiberiti. Injini ya pikipiki, betri, sigara ya mtu aliye mbali anayejiona yuko mbali... chochote kingetosha.

Mimi nilikuwa na vitu ambavyo wengi wao hawakuwa navyo. Shahada. Intaneti. Umbali wa hatua saba. Na zaidi ya yote nilikuwa na habari za Msamvu yenyewe, niliyokwisha kuiandikia maoni! Nilikwenda na dumu kwenye makaa miaka minne baadaye, na hakuna aliyeniandikia safu ya kuniita mwenye tamaa. Petroli wakati ule iliuzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 lilikuwa zaidi ya shilingi 40,000. Kwa kijana wa bodaboda hiyo ni pesa ya kufikiria. Mimi nilihatarisha mdogo wangu kwa ajili ya kuwahi muda wa kutuma habari ambayo siikumbuki hata ilihusu nini.

Sisemi tamaa haipo. Nasema neno lile lilinisaidia nisiulize swali la pili. Sachangwan, Kenya, Januari 2009, zaidi ya watu 100. Sange, Kongo, Julai 2010, zaidi ya watu 200, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wamekaa wanatazama mechi ya Kombe la Dunia, hawana dumu wala nini. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ikaingia kwenye mfereji unaopita katikati ya vibanda, wakafa takriban watu 100. Kote huko sisi waandishi tulihesabu maiti na tukahubiri. Nimezipitia habari nyingi za siku zile, zangu na za wenzangu, kutafuta neno mvuke. Nimelikuta mara chache mno. Tuliandika "mafuta yalilipuka", kana kwamba mafuta yana uamuzi wake. Kama sentensi moja tu ingesema kwamba moto unaweza kukufuata kupitia hewa ya chini usiyoiona, na kwamba ukisikia harufu tu ya petroli barabarani umeshafika, geuka, kimbia upande unaotoka upepo na panapopanda, labda mtu mmoja angegeuka. Labda mimi ningegeuka.

Nilimwomba mhariri wa wakati huo aniruhusu niandike nyongeza chini ya ile makala. Nikajibiwa kwamba habari za zamani haziguswi. Sawa.

Nyumbani tumebadilisha mambo machache. Jenereta sasa inakaa uani, inapoa kwanza ndipo inajazwa, mchana, na jiko likiwa halijawashwa. Petroli haiingii ndani, na ina dumu lake lenye mfuniko unaobana. Karai la mchanga lipo mlangoni, paka wa jirani ameshalielewa vibaya. Mfuniko wa chuma unaning'inia karibu na jiko, kwa ajili ya siku mafuta ya kukaangia yatakaposhika moto: unazima jiko, unafunika, unaacha. Maji humo hapana, yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke wa maji unaojaza nafasi zaidi ya mara 1,000, na yanarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Namba ya zimamoto, 114, mama mdogo ameiandika kwa mkaa ukutani, kwa herufi ambazo mwenye nyumba hajazifurahia.

Mdogo wangu alisoma rasimu hii jana. Makovu yake yamebaki rangi mbili, na anavaa sketi fupi vilevile, mtu akiuliza anasema "kaka yangu mwandishi". Akauliza kama ile makala ya tamaa bado ipo mtandaoni.

"Ipo."

"Na jina lako lipo?"

"Lipo."

Akafikiri kidogo. "Basi hii nayo weka jina. Na uandike kwamba maharage yaliungua."

Yaliungua kweli.